Batani ya LIPA imejificha chini ya skrini, nifanyeje?

SWALI: Assalam aleikum kaka. Natengeneza programu ya mauzo ya duka la mamangu mdogo hapo Biashara Street, auza leso na madira, naandika kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kutengenezea madirisha. Laptopu yake ni ya Windows, skrini 1366 kwa 768, basi nikaweka geometry("1366x768") nikijua itajaa sawasawa, lakini batani ya LIPA iliyo chini kabisa haionekani na mauzo hayamaliziki. Rafiki yangu yuwasema niweke overrideredirect(True) nitoe fremu yote, ati ndiyo dawa. Ni kweli?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Hapana, hiyo dawa itakuletea ugonjwa mwengine, ngoja nikueleze.

Saizi unayoandika kwenye geometry ni ya ndani ya dirisha tu, pale unapopanga vitu vyako. Ile fremu, pamoja na upau wa juu wenye jina na alama ya kufunga, si mali ya programu yako, yachorwa na mfumo wenyewe na yaongezwa kwa nje. Kwa hivyo ukiomba 768 wapata 768 na upau juu yake, na hapo hujahesabu ule upau wa Windows wenye saa ambao nao wachukua nafasi chini, sasa LIPA itakaa wapi? Na usije ukapima fremu ya laptopu yako ukatoa pikseli hizo kwenye kodi (maandishi ya programu yako), kwa sababu kompyuta ya pili fremu yake yaweza kuwa nene zaidi.

Tena hilo ni ombi, si amri. Kwenye Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini) programu yaomba saizi, halafu meneja wa madirisha, yaani programu ya kuyapanga, ndiye aamuaye, na wako mameneja wanaopanga madirisha kama vigae na saizi yako hawaiangalii hata kidogo. Mimi naona huo ni utaratibu mzuri sana, maana mwenye kujua skrini ina nini na nini ni yeye, programu yako yajijua yenyewe tu.

Sasa overrideredirect. Ukiiweka umemwambia meneja asikuguse kabisa, basi mama mdogo hataweza kulisogeza dirisha wala kulishusha, kwenye Windows halionekani hata kwenye upau wa chini, na kwenye Linux mara nyingi kibodi yagoma kuandika ndani yake. Hiyo ni ya vitu vidogo kama menyu za kuchomoza, si ya dirisha la kazi ya siku nzima.

Fanya hivi: toa hiyo geometry, weka root.state('zoomed'), Windows italijaza dirisha kwenye nafasi iliyobaki bila kufunika upau wa chini. Kisha weka minsize, yaani saizi ndogo kabisa, kwa mfano 900 kwa 500, mtu asije akalibana mpaka vitu vikapotea. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: sehemu ya LIPA i-pack (yaani iweke dirishani) KWANZA na side='bottom' ikae chini, halafu ndio u-pack orodha ya leso na expand=True na fill='both' ijaze nafasi iliyobaki. Tkinter nafasi ikipungua yambana aliyepakiwa mwisho, kwa hivyo orodha ndiyo itakayopungua, na orodha ina skrolu haina shida, lakini LIPA itabaki pale pale hata laptopu ikibadilishwa kesho.

Na kama wataka saizi halisi kwenye kodi, ita update_idletasks() kabla ya winfo_height() iulizayo urefu wa dirisha, la sivyo utajibiwa 1, kwa vile dirisha bado halijapangwa.

SWALI: Natumia GTK 4 (zana nyingine ya kutengenezea madirisha) kwenye Linux, nataka dirisha lifunguke pale pale lilipofungwa jana. Mbona siioni amri ya kulisogeza?
Msomaji, Likoni

JIBU: Huioni kwa sababu imetolewa. Ilikuwako GTK 3, lakini kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, programu haiambiwi iko wapi kwenye skrini wala hairuhusiwi kujiweka itakapo. Saizi waweza kuihifadhi na kuiomba tena kwa set_default_size, mahali pa kukaa uwachie mfumo.