Maswali na Majibu: Linux Dukani, Madrasani na Nyumbani

SWALI: Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Laptopu yangu, niliyoinunua ikiwa ex-UK, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Fundi ameniambia kwamba haikubali Windows 11, na kwamba ni heri niiuze kwa bei ya vipuri ninunue nyingine. Mpwa wangu asema niweke Linux. Naogopa, kwa kuwa printa, skana na barua za wateja ndizo zinazonilisha. Nifanyeje? (Msomaji wa Majengo, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, laptopu hiyo usiiuze. Fundi amesema kweli kwa upande mmoja: Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyomo katika orodha yake, ambayo kwa Intel huanzia takriban kizazi cha nane. Linux, yaani mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaoweza kushika nafasi ya Windows, haina madai hayo. Mashine yako bado ina nguvu ya kutosha kuandika barua, kufungua kivinjari na kuchapisha. Linux Mint, toleo mojawapo la Linux ambalo ndilo ningekuchagulia, huridhika na RAM ya GB 2, ingawa kwa kazi isiyokwamakwama utahitaji GB 4, na nafasi ya diski isiyopungua GB 20.

Hata hivyo, mpwa wako asiifute Windows leo. Linux yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila ya kuigusa diski, na hapo ndipo pa kuanzia. Pakueni faili ya Mint, yenye ukubwa wa karibu GB 3, muiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kisha muwashe laptopu huku mkibonyeza F12 ikiwa ni Lenovo au Dell, au F9 ikiwa ni HP, na kuchagua flashi. Fanyeni hivyo siku duka limefungwa, na printa yako mwenyewe, skana yako mwenyewe na barua halisi za wateja wako zikiwa mezani.

Kuhusu printa, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi, hali hutofautiana sana kwa aina. Linux huchapisha kwa mfumo uitwao CUPS, na printa nyingi za miaka ya karibuni, hasa zinazokubali kuchapisha moja kwa moja kutoka kwenye simu kwa AirPrint, hutambuliwa bila ya draiva yoyote, yaani programu ya kuitambulisha printa kwa kompyuta. Printa za HP huhudumiwa na programu ya HPLIP. Lakini baadhi yake, kama LaserJet P1102 inayoonekana katika maduka mengi, hudai kipande cha ziada kinachopakuliwa kwa intaneti, na mtu asiyejua hilo hudhani printa imekufa. Epson hutoa draiva za Linux kwa printa zake nyingi za tangi la wino. Zinazonitia wasiwasi ni Canon LBP za zamani zinazotumia utaratibu wa Canon yenyewe uitwao CAPT, kwa mfano LBP2900: zaweza kufanya kazi, lakini kwa taabu ambayo sikutakii wewe mwenye foleni ya wateja mlangoni. Skana ijaribu kwa programu ya Document Scanner, iliyomo tayari ndani ya Mint, na uhakikishe kwamba sehemu ya kulisha karatasi nyingi nayo inaitika, si kioo peke yake.

Kisha barua. Mint huja na LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba wasifu wa mteja uliokuwa ukurasa mmoja umekuwa kurasa mbili, na aghalabu kosa ni la fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hivyo hazimo ndani ya Linux. Lakini zipo Carlito na Caladea, zilizochongwa ili kila herufi ichukue upana uleule, kama vile Liberation Serif inavyoshika nafasi ya Times New Roman. Hakikisha zote zimewekwa, na mistari mingi itarudi mahali pake. Mteja anayetaka kuchapisha tu, mwombe akutumie PDF. WhatsApp ya kwenye kivinjari itaipokea kama kawaida.

Pana mambo mawili ambayo sitakuficha. Fomu za Excel zenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), kama zile za marejesho ya kodi, huenda zisiitikie ipasavyo ndani ya LibreOffice. Na ikiwa unatengeneza kadi za harusi kwa Photoshop au CorelDRAW, fahamu kwamba programu hizo hazina toleo la Linux. GIMP na Inkscape, zinazofanya kazi za aina hiyo kwenye Linux, ni nzuri, lakini itabidi ujifunze upya, na faili zako za zamani huenda zisifunguke zikiwa kamili. Ikiwa kazi hizo ni sehemu kubwa ya riziki yako, weka Linux kando ya Windows katika diski hiyohiyo, baada ya kunakili faili zote za wateja kwenye diski ya nje.

SWALI: Naandika masomo ya watoto kwa Kiswahili na Kiarabu katika ukurasa mmoja. Je, Linux italiweza hilo? (Mwalimu wa madrasa, Kisauni)

JIBU: Italiweza, Maalim, na kwa uzuri. Ongeza mpangilio wa Kiarabu katika mipangilio ya kibodi, kisha katika LibreOffice, chini ya mipangilio ya lugha, ruhusu maandishi changamano (Complex text layout). Hapo kitatokea kitufe cha kugeuza aya ianzie kulia. Fonti ninayokupendekezea ni Amiri ya Khaled Hosny, inayofuata herufi za mtambo wa uchapaji wa Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ya bure, na fat-ha, kasra na dhumma hukaa mahali pake bila ya kupandana, jambo ambalo kwa mtoto anayejifunza kusoma ni kubwa kuliko urembo wowote.

SWALI: Nimeweka Linux Mint nyumbani lakini haioni Wi-Fi kabisa. Nimeharibu kompyuta? (Mwanafunzi, Likoni)

JIBU: Hujaharibu kitu, mwanangu. Yaelekea kifaa chako cha Wi-Fi, pengine cha Broadcom, kinahitaji draiva ambayo haikuja na mfumo. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, uwashe kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao kupitia simu. Fungua Driver Manager, chagua draiva inayopendekezwa, uisubiri imalize, kisha uzime na kuwasha. Chomoa waya wa simu, uone kama majina ya mitandao yamejitokeza.