Padeli inazama taratibu, fundi anasema ni pedi

*Fundi shikamoo. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, otomatiki, nimeinunua kwa mtu mwaka jana. Mwezi uliopita nilibadilisha pedi za mbele, fundi akasema na breki fluidi imekuwa nyeusi akaimwaga yote akaweka mpya akatoa upepo. Toka siku ile nikiwa foleni nimekanyaga breki padeli inazama taratibu mpaka inakaribia chini, nikiachia nikakanyaga tena inapanda kama kawaida. Keshatoa upepo mara tatu na sa hivi anataka ninunue pedi nyingine maana anasema hizi feki. Fluidi kwenye kopo haipungui hata kidogo. Mwezi ujao nina safari ya Lushoto na familia, nifanyeje?* (Msomaji, Tabata)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hela ya pedi irudishe mfukoni. Pedi ikiwa feki gari haikamati vizuri, au inapiga kelele, au inaisha ndani ya miezi michache, lakini haiwezi kufanya padeli izame wakati mguu wako umetulia palepale. Padeli inashikiliwa na presha ya fluidi iliyofungiwa ndani, ikizama ujue fluidi imepata pa kupita, na ni ama inatoka nje ama inapita ndani kwa ndani. Na upepo nao sio, upepo unaujua kwa mguu, padeli inakuwa laini inabonyea kama sponji ila ikishabonyea inasimama hapo hapo, haiendelei kuzama. Ya kwako inaendelea, afu kopo halipungui, hapo mi macho yangu yote yapo kwenye masta ya breki, ile pampu inayosukumwa na padeli. Sili za ndani, yaani mipira ya pistoni, zimechoka, presha inapita pembeni ya pistoni inarudi ilikotoka.

Sasa utauliza mbona ilikuwa nzima kabla ya kubadilisha fluidi, na hapa ndo kuna kitu mafundi wengi hawakisemi. Gari ya miaka yote hiyo, pistoni ya masta imezoea kutembea kipande kifupi tu cha silinda kwa sababu kila siku unakanyaga nusu. Kipande cha mbele hakiguswi, na breki fluidi inavuta unyevu wa hewa, basi kule mbele panaota kutu na uchafu. Siku ya kutoa upepo fundi analala chini ya gari anapiga kelele "pampu, pampu, shika!", kijana wake ndani anakanyaga mpaka chini kabisa, sili zinapita juu ya ile kutu zinachanika midomo. Niliwahi kuifungua moja kwenye jiriwa, ndani nusu inang'aa kama kioo nusu ya kahawia, na mpaka wenyewe umenyooka utadhani umechorwa na rula. Gari za umri huu mi natoa upepo nikiwa nimeweka kipande cha ubao chini ya padeli isiende mpaka mwisho.

Jipimie mwenyewe nyumbani. Gari imezimwa, kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo afu washa injini. Padeli itashuka kidogo, hiyo ni busta, kile kisaidizi cha mguu nyuma ya masta, inafanya kazi usiogope. Usiachie, endelea kukandamiza kama dakika moja, ikiwa inateremka tu polepole jibu ndo hilo. Ila kabla hujatoa hela chungulia ndani ya matairi yote manne kama kuna majimaji, dramu za nyuma zifunguliwe uinue vile vimpira vya wili silinda, kale kapampu kanakosukuma breki ndani ya dramu, uone kama kumelowa, na pia angalia pale masta inapoungana na busta, maana ikivujia ndani ya busta huoni tone chini. Ukitaka uhakika kabisa mwambie fundi achomoe paipu kwenye masta azibe matundu kwa boliti zinazoenea, ukikanyaga padeli iwe ngumu kama jiwe, ikizama hata hapo hakuna wa kumsingizia tena.

Ripea kiti, yaani sili mpya peke yake, bei yake ni nafuu kuliko masta nzima ila ukikuta silinda imeliwa na kutu sili mpya hazikai, ni hasara mara mbili. Fluidi weka DOT 3, imeandikwa kwenye mfuniko wa kopo, na mtu akikuwekea haidroliki au ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kwa kuwa "zote oili" ondoka na gari yako, mipira yote ya breki itavimba.

Lushoto usiende mpaka imalizike. Na ukienda, ule mteremko wa kurudi Mombo weka gia ya 2 au L, gari ijishike yenyewe. DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 ndo ichemke, ikishanyonya maji ile namba inaweza kushuka mpaka kwenye 140, ikichemka inatoa mapovu na padeli inaenda chini bila hata kukuaga.

*Niko na Probox, nikienda kama kilomita kumi inaanza kuvuta kushoto hata sijashika breki na rimu ya mbele kushoto inachoma. Makanika amepaka grisi lakini wapi.* (Msomaji, Nakuru)

Tairi hilo breki yake haiachii. Likishapata moto liinue na jeki uzungushe, litakuwa gumu, halafu legeza nipo, kale kaskrubu ka kutolea upepo, kwenye kalipa, ile inayobana pedi. Likiwa huru papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi ni ile hosi paipu ya mpira, imevimba ndani, mguu unasukuma fluidi inapita ila kurudi haiwezi, kwa nje unaiona nzima kabisa. Lisipoachia, basi pistoni ya kalipa imeganda au pini zake zimeshika kutu, na grisi ya juu juu haisaidii, pini zichomolewe zisuguliwe. Na usimwagie maji hiyo diski ikiwa ya moto, itapinda.

*Gari yangu asubuhi breki zinalia kwiii, baadaye kimya.* (Msomaji, Tanga)

Kutu ya usiku tu kwenye diski, hasa mkiwa karibu na bahari, ukikanyaga mara mbili tatu inafutika. Ikianza kulia mpaka mchana fungua uangalie, pedi nyingi zina kibati kidogo cha kukwaruza diski zikikaribia kuisha.