Maboksi ya mpiga saksafoni: majibu kwa walioniuliza

Tangu niseme kwamba napanga nyaraka na kanda za marehemu mpiga saksafoni mmoja aliyezunguka na bendi za huku Nyanda za Juu Kusini, maswali yamekuja mengi. Familia imeomba jina lake lisitajwe mpaka kazi iishe, kwa hiyo humu namwita Mzee. Maboksi yake ni kumi na moja, yako chumba cha nyuma hapa Iringa mjini.

Kamwene. Huyo Mzee alipiga rumba na chacha. Mbona unasema ni mkusanyo wa mwanamuziki wa jazz? (Msomaji, Kihesa)

Kamwene. Kwa sababu wao wenyewe walijiita hivyo. Kwetu "jazz" kwenye jina la bendi ilikuwa na maana ya bendi ya dansi, yenye magitaa, tumba na vyombo vya kupuliza. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, Morogoro Jazz mwaka 1944, wakaja Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na NUTA Jazz mwaka 1964. Muziki wenyewe ulinyonya sana kwenye santuri za Kikyuba. Miaka ya 1980, Tancut Almasi ya hapa Iringa, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ilipotamba, ilijiita Orchestra. Mabadiliko ya majina nayo ni historia. Kwenye orodha yangu naandika neno walilotumia wao, kisha pembeni naongeza "muziki wa dansi", ili mjukuu akitafuta kwa neno lolote kati ya hayo apate.

Baba yetu alikuwa mpiga besi. Ameacha sanduku la bati limejaa. Tuanzie wapi? (Binti yake, Mafinga)

Pole kwa msiba, dada yangu. Anza kwa kutogusa. Najua mkono unawasha kupanga, lakini kwanza piga picha kwa simu sanduku likiwa wazi, tabaka kwa tabaka, na uandike kilichokuwa juu, kilichofuata, na kilicholala chini kabisa. Jinsi baba alivyoviweka vitu vyake ni maelezo ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote.

Nikuonyeshe kwa kitu kimoja. Boksi la nne la Mzee lina kaunta buku lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kurasa za mbele ameorodhesha vibao vya kila usiku, kila kibao na ufunguo wake, na nukta nyekundu kwenye kile ambacho watu waliomba kirudiwe. Ukiligeuza ukaanzia nyuma unakuta hesabu: dizeli, posho, faini za waliochelewa mazoezini, ridi za saksafoni (vile vibanzi vya kupulizia). Katikati, pale vibao na hesabu vinapokutana, amebana tiketi ya basi ya Iringa kwenda Mbeya pamoja na karatasi ya maneno ya wimbo, yaliyoandikwa kwa miandiko miwili tofauti. Tiketi ile ukiiokota chini utaifagia. Pale ilipokaa, tarehe yake inaonyesha wimbo ulikuwa unatungwa wakati wa safari ile, maana orodha ya wiki inayofuata ndiyo inayoutaja kwa mara ya kwanza. Angepita mtu nadhifu akaweka tiketi na tiketi, nyimbo na nyimbo, tungepoteza mwaka wa wimbo huo na tusingejua kwamba tumepoteza kitu.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipanga picha za bendi nyingine kwa ukubwa, kubwa huku, ndogo kule. Zilipendeza machoni. Mwenyewe alikuwa amezifunga kwa dansi, kila usiku na fungu lake, na hakuna aliyebaki hai wa kuzirudisha zilivyokuwa.

Ukishapiga picha, toa pini zilizoshika kutu taratibu, ukiingiza kipande cha karatasi ngumu chini yake ili zisichane. Andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino. Usitumie selotepu, na usikubali mtu akushauri kupiga lamineshi. Makasha ya kanda usiyatupe hata yakiwa yamechakaa. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, alijirekodi nyumbani kwake Queens, New York, kanda kwa mamia, na makasha yake akayapamba kwa vipande vya picha na magazeti alivyovikata mwenyewe. Leo makasha hayo yanatunzwa kwa heshima ileile ya sauti iliyomo.

Halafu hili ndilo la haraka kuliko yote: chukua picha za bendi, nenda kwa wazee waliopiga na baba, wakutajie watu kutoka kushoto kwenda kulia. Fanya mwezi huu. Karatasi itakusubiri mwaka mzima, mzee wa miaka themanini usimwekee ahadi hiyo.

Ndaga. Kanda za marehemu mjomba zina unga mweupe, na moja inanuka siki. Tuzipige tusikie kama bado nzima? (Msomaji, Tukuyu)

Ndaga fijo, lakini msizipige. Unga huo yaelekea ni ukungu, na kwa mvua yenu ya Rungwe, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, sishangai. Ukipiga kanda yenye ukungu unauingiza kwenye mashine, na mashine inaugawa kwa kanda nyingine zote. Ziwekeni peke yake, kwenye mifuko ya karatasi, kwa sababu nailoni inafungia unyevu ndani. Chumba kikavu chenye hewa, juu ya rafu, siyo sakafuni, siyo darini juu ya jiko, siyo karibu na spika, na jua lisizifikie. Anayezishika avae barakoa.

Ile inayonuka siki ina ugonjwa mwingine. Utepe mwingi wa zamani ulitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, nayo ikianza kuoza inatoa asidi, na asidi hiyo inaharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Inua rili, lile gurudumu la utepe, uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga: mwanga ukipenya, ni asetati. Hiyo itenge, na iwe ya kwanza kunakiliwa na fundi. Mkikutana na kanda za miaka ya 1970 au 1980 zinazonata na kupiga kelele kwenye mashine, mtasikia watu wakisema zinaokwa. Ni kweli, wataalamu huzipasha nyuzijoto kama 50 kwa saa nyingi ndani ya kifaa kinachoshika joto bila kuyumba. Oveni ya nyumbani haifai, na kanda ya asetati haiokwi kabisa.

Kaseti ni rahisi zaidi. Vunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili mtoto asije akarekodi juu ya sauti ya mjomba. Utepe ukilegea, ukaze kwa kalamu ya Bic kabla ya kuiingiza kwenye redio.

Fundi akinakili, mwambieni awape faili za WAV, biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stereo itakula kama GB 2. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp, haifai kuwa nakala ya kutunza. Wekeni nakala tatu, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Babu ndiye aliyeimba na kanda tunayo. Naweza kuiweka YouTube? (Mjukuu, Makambako)

Kuwa na kanda hakukupi haki ya wimbo, mwanangu. Kuna mtunzi, kuna waliopiga, kuna aliyerekodi, na mara nyingi bendi ilikuwa mali ya chama, kiwanda au shirika. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo vibao vya kizazi cha babu vingi bado vina wenyewe. Kaeni kikao cha warithi, andikeni mnachokubaliana na wote watie saini, kisha nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize. Kama kanda ni ya babu akiongea tu na wajukuu, hiyo ni yenu.

Amekuja mgeni anataka kununua santuri zote za baba, ana pesa taslimu. (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

Mwambie asubiri. Sikulaumu ukiuza, ada za watoto hazisubiri. Ila kabla haijatoka hata moja, piga picha kila santuri pande zote mbili, nakili namba zilizochongwa karibu na lebo, na uhakikishe umebaki na sauti. Na usikubali kuuza daftari na barua pamoja nazo "kama nyongeza". Santuri huenda zilitoka nyingi, daftari la baba lilitoka moja. Wakati unasubiri, zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na zile nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika usizifute kwa spiriti, itazila.

Kazi hii inasomewa wapi? (Kijana, Njombe)

Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka, na Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Wakati unajiandaa, jifunze kusoma mwandiko mbaya.

Ukikutana na barua za mapenzi unafanyaje? (Hakutaja alipo)

Nimekutana nazo. Boksi la tisa, kumi na sita, zimefungwa kwa uzi wa kufumia, na mwandishi si mama tunayemfahamu. Nilisoma ya kwanza mpaka nikaelewa ni nini, nikaacha. Kuzichoma siwezi, kwa sababu Mzee alizitunza miaka yote hiyo na huo ni uamuzi wake. Kuzianika siwezi pia, mwandishi wake hakuniandikia mimi. Nilikwenda kwa mjane, nikakaa naye tukiwa wawili tu, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema alikuwa anajua. Ameomba zisifunguliwe mpaka wajukuu wawe wazee. Tumeziweka kwenye bahasha, tukaifunga, na juu yake ameandika yeye mwenyewe kwa penseli: 2065.