Kabla hujamtupa McCarthy, soma yaliyotukuta sisi wa Jets

Usithubutu, mkuu. Nimesoma uzi wako nikiwa kazini nikashindwa kusubiri zamu iishe.

Umesema uko Minneapolis, watoto wamekuingiza kwenye ushabiki wa Vikings, timu ya huko ya futiboli ya Kimarekani, na unauliza kama kwota-beki wao kijana, J.J. McCarthy, anastahili kuvumiliwa au atafutwe mwingine. Wadau wameshakujibu kwamba kijana hana kitu, mechi 10 mipira 12 imenaswa na wapinzani, afungashe virago. Na wewe mwishoni umeandika kwamba unaona wana hoja.

Hawana hoja. Maneno hayo hayo yalijaa huku New Jersey, kwetu sisi mashabiki wa New York Jets, mwaka 2020, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioyasema. Kijana tuliyemsema leo ni bingwa, lakini kwa jezi ya timu nyingine.

Kwa wasiofuatilia huu mchezo wa Wamarekani: kwota-beki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, na ana sekunde mbili na nusu, labda tatu, kuamua amrushie nani. Mbele yake wanasimama watu watano wenye miili mikubwa, kazi yao ni kuzuia asifikiwe. Ukuta huo ukivuja, anaangushwa na mpira ukiwa bado mkononi. Akiangushwa mara nyingi, anaanza kuogopa. Hapo ndipo pasi zinapoanza kwenda kwa watu wasiohusika.

Sasa twende kwa Sam Darnold, kijana huyo tuliyemsema, na nitakaa hapo, maana ndiko kwenye somo.

Jets walimchukua kwenye drafti ya 2018, zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu; yeye alikuwa chaguo la 3. Ili wapande kutoka nafasi ya 6 waliwapa timu ya Colts machaguo matatu ya raundi ya pili. Alikuwa na miaka 21, kwota-beki mdogo kuliko wote kuanza mechi ya ufunguzi tangu ligi mbili zilipoungana mwaka 1970. Pasi yake ya kwanza kabisa kama mchezaji wa kulipwa, kule Detroit, ilinaswa na kurudishwa hadi tachidauni, yaani hadi mwisho wa uwanja, alama kwa wapinzani. Kijana hakutetereka. Alirudi uwanjani, na Jets wakashinda 48-17. Usiku ule huku kwetu watu walishangilia kama kombe limeshafika mlangoni.

Msimu ulipoisha, kocha Todd Bowles akafukuzwa. Akaja Adam Gase na mfumo wake, na kijana akaanza upya: majina mapya ya mipango, ishara mpya, hata idadi ya hatua za kurudi nyuma kabla ya kurusha ikabadilika. Septemba 2019 akaugua, wengu ukavimba, akakosa mechi tatu. Aliporudi akawafunga Cowboys. Wiki iliyofuata wakaja Patriots, usiku wa Jumatatu, nchi nzima inatazama. Jets walipigwa 33-0. Pasi nne zikanaswa. Kipaza sauti cha televisheni alichofungwa mwilini kikamnasa akiwa benchi akisema anaona mizimu.

Sentensi hiyo moja ilimmaliza. Ilichapishwa kwenye fulana. Na hapa ndipo nina hasira na watu fulani.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio ya asubuhi, jina silitaji, ambaye nilikuwa namsikiliza kila siku nikiwa barabarani. Msimu mzima alihubiri jambo moja: kichwa cha kijana kimeharibika, hakitengenezeki. Hakuwahi hata siku moja kuzungumzia ule ukuta wa mbele. Hakuwahi kusema kwamba Robby Anderson, mpokeaji wa pasi aliyeelewana naye kuliko wote, aliachwa aende timu ya Carolina mwanzoni mwa 2020 na nafasi yake haikuzibwa ipasavyo. Mwaka huo Jets walipoteza mechi 13 za mwanzo mfululizo wakamaliza na ushindi 2 na vipigo 14, na mashambulizi yao yalikuwa dhaifu kuliko ya timu zote 32. Unamkabidhi kijana jahazi, mabaharia wametoroka, tanga limechanika, halafu unauliza kwa nini nahodha hafiki bandarini. Yule bwana alilipwa mshahara mzuri kutufundisha hivyo, nasi tukawa tunayarudia kazini, kanisani, kwenye vikao vya harusi.

Aprili 2021 Jets wakamuuza Darnold kwa Carolina wakapewa chaguo la raundi ya sita la mwaka huo, na la raundi ya pili na la nne la mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka 23. Huku kwetu ikawa sherehe. Kwenye drafti ya mwezi huo huo wakamchukua Zach Wilson, chaguo la 2.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo kosa lilipozidi gharama. Walibadilisha mtu, mazingira wakayaacha yale yale. Wakaja kocha mpya Robert Saleh, mfumo mpya, kijana mpya, vyote kwa mpigo. Greg Knapp, mwalimu mzoefu aliyeletwa amlee Wilson, aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli Julai 2021 akafariki. Hilo hakuna wa kulaumiwa pale klabuni. Lakini timu iliingia msimu bila kwota-beki mzoefu kwenye kikosi chake kikuu wa kukaa na kijana chumba kimoja na kumwonyesha video. Mkongwe Joe Flacco walimleta Oktoba, moto umeshawaka. Mechi ya kwanza, dhidi ya Darnold mwenyewe kule Carolina, Wilson aliangushwa mara sita, na Mekhi Becton, mlinzi wa kushoto anayemlinda mgongo, akatolewa kwa jeraha la goti.

Wiki ya pili Patriots wakaja uwanja wa MetLife, mechi ya kwanza ya nyumbani. Nilikuwepo, jukwaa la juu, upande wa kona, mahali ambapo unaona kila kitu kwa nyuma ya kwota-beki. Pasi yake ya kwanza ilinaswa. Ya pili ikanaswa. Uwanja ukaanza kuzomea kabla watu wengine hawajamaliza kutafuta viti vyao, na jirani yangu alikuwa bado ameshika soda hajaifungua. Jioni ilipoisha zilikuwa zimenaswa nne, 25-6.

Nilichokiona kutoka kule juu televisheni haikuonyeshi. Tazama miguu. Mwanzoni Wilson anapokea mpira, anarudi hatua zake, miguu inatua, macho yako mbali. Baada ya kugongwa mara mbili tatu, macho yakashuka. Alikuwa hawaangalii tena wenzake kule mbele, anaangalia mikono ya wanaomkimbilia. Kisigino cha nyuma hakitui chini kabisa, anarukaruka kama amesimama juu ya mchanga wa moto, na pasi inatoka kwa mkono peke yake, haina mwili nyuma yake, inaelea. Mpira unaoelea ndio unaonaswa. Watu wazima elfu kwa elfu wakasimama kumzomea kijana wa miaka 22 katika mechi yake ya pili, na yule mtangazaji kesho yake asubuhi akaanza tena habari ya kichwa.

Mwisho wa Wilson mnaujua. Novemba 2022 alitupwa benchi baada ya kipigo cha 10-3 kwa Patriots hao hao, kipindi cha pili chote timu ilisogea yadi 2. Waandishi wakamuuliza kama ameiangusha safu ya ulinzi akajibu hapana, na jibu hilo likamgharimu imani ya wenzake. Jets wakamleta Aaron Rodgers, gwiji, naye akachanika kano ya kisigino Septemba 2023 akiwa amecheza mashambulizi manne tu, nyuma ya ukuta ule ule. Hata gwiji. Wilson akauzwa Denver 2024.

Na Darnold? Carolina napo palikuwa na vurugu, kocha akafukuzwa katikati ya msimu. Mwaka 2023 akakaa benchi San Francisco nyuma ya Brock Purdy, karibu mwaka mzima wa kutazama na kujifunza bila kugongwa. Kisha 2024 akaja huko huko kwenu, Minnesota, kwa Kevin O'Connell, kocha ambaye mwenyewe alikuwa kwota-beki. Ushindi 14, tachidauni 35. Mechi mbili za mwisho zilipoharibika, Lions kisha Rams waliomwangusha mara tisa, wenzako wa huko wakasema mizimu imerudi, wakamwacha aende. Seattle wakampa mkataba wa miaka mitatu. Februari 2026 akatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, kwa kuwafunga Patriots 29-13. Patriots wale wale wa ile mizimu. Nililia, sioni aibu kusema.

Yule mtangazaji wa redio asubuhi yake alisema siku zote aliamini kijana ana kipaji. Nilizima.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaikariri hapa mpaka mchoke: usimpime kwota-beki kijana mpaka amalize misimu miwili kamili na kocha yule yule, nyuma ya ukuta ulio mzima. Sikuletei methali ya mvumilivu hula mbivu. Uvumilivu ninaousema una masharti, na masharti hayo timu ndiyo inayopaswa kuyatimiza kwanza.

Atakayebisha nampa Josh Allen, kwota-beki wa Buffalo. Drafti ile ile ya Darnold, chaguo la 7. Msimu wa kwanza tachidauni 10 za pasi, mipira 12 imenaswa, pasi zilizofika hazikuzidi asilimia 53. Hebu zilinganishe na za McCarthy wako: tachidauni 11, zilizonaswa 12. Buffalo hawakumtupa. Kocha mkuu yule yule, mwalimu wa mashambulizi yule yule, Brian Daboll, miaka minne. Wakaimarisha ukuta, 2020 wakamletea Stefon Diggs, na mwaka huo pasi zake zilizofika zikapanda hadi asilimia 69. Tuko divisheni moja nao. Tunakutana naye mara mbili kwa mwaka huku tukimkumbuka wetu.

Sasa McCarthy. 2024 hakucheza kabisa, goti. 2025 mechi ya kwanza Chicago alikuwa nyuma, robo ya nne akageuza, akashinda 27-24. Wiki ya pili kifundo cha mguu, nje mechi tano. Baadaye mtikisiko wa ubongo, baadaye mkono. Christian Darrisaw, mlinzi wake wa kushoto, alikuwa anatoka kwenye jeraha baya la goti, anaingia na kutoka. Ryan Kelly, anayesimama katikati ya ukuta, naye mtikisiko wa ubongo. Niambie hapo nani amempima huyu kijana, na kwa kipimo gani. Ana kasoro, ndiyo, pasi fupi anazirusha kwa nguvu mno kama anamkomoa mtu, lakini hiyo ni kazi ya mazoezi na kocha anayejua kufundisha, na kocha huyo mnaye. Katika mechi 10 alizoanza alishinda 6.

Na kabla hamjaniuliza kwa nini bado niko na Jets: ndugu hachaguliwi.

Agosti, mechi za maandalizi zikianza, acha kuufuata mpira. Tazama miguu ya McCarthy baada ya kugongwa mara ya kwanza. Kisigino kikitua, macho yakabaki mbali, yuko hai. Halafu hesabu wangapi kati ya wale watano wa mbele ni wale wale wiki hadi wiki. Akipata msimu mzima, ukuta mzima, O'Connell yule yule, na bado macho yanashuka, rudi hapa kwenye uzi uniambie, nitakuunga mkono mimi wa kwanza.