Kutoka benki hadi waziri wa fedha wa kaunti

Bwana, umeuliza mkuu wa fedha wa benki akiteuliwa waziri wa fedha hapa Lamu atakwama wapi. Akishapigwa msasa na bunge la kaunti, kitakachomtesa ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka mpango wa maendeleo ufike bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Benki alizoea kutia saini, pesa zikatoka. Huku hachoti shilingi kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa aliye Nairobi anayeidhinisha utoaji wa pesa za umma. Karatasi moja ikipungua, ombi larudishwa, na wakandarasi washajaa ofisini Mokowe, makao ya kaunti, wakidai malipo.