Lupasi: namna ya kusoma majibu ya damu yako

Wagonjwa wengi wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kutoka Kisumu, Siaya hadi Nakuru hufika kliniki na bahasha ya karatasi za maabara, na swali la kwanza huwa: ANA yangu imeshuka? Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. ANA, kipimo cha kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe, husaidia wakati ugonjwa unatafutwa. Vigezo vya kimataifa vya 2019 hudai ANA ya angalau 1:80 (yaani bado huonekana sampuli ikizimuliwa mara 80) kabla dalili nyingine hazijahesabiwa, ila hata watu wazima wenye afya njema huweza kupatikana nayo. Lupasi ikishathibitishwa, kuirudia ANA kila kliniki hakukwambii kama ugonjwa umeamka au umetulia. Pesa hizo zilipie anti-dsDNA (kingamwili dhidi ya DNA), C3 na C4 (protini za kinga ziitwazo komplimenti), hemogramu kamili (hesabu ya chembe za damu), kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na mkojo.

Ukielewa seli B, majibu hayo yatasomeka. Hizi ni chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa au hunyamazishwa zikiwa changa. Katika lupasi baadhi hupenya, seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, huzichochea, na protini iitwayo BAFF huzirefushia maisha. Nyingine hukomaa zikawa seli za plazma, ambazo humwaga kingamwili kwa wingi. Kingamwili dhidi ya DNA hushikamana na mabaki ya seli zilizokufa, mashikamano hayo hunasa kwenye figo, na protini za komplimenti hutumika kuyashambulia. Kwa hiyo anti-dsDNA ikipanda huku C3 na C4 zikishuka, figo zichunguzwe mara moja hata kama hujisikii mgonjwa.

Usiogope namba moja ikiwa peke yake. Wapo wanaokaa miaka na anti-dsDNA ya juu bila dalili yoyote, na wapo ambao C4 yao iko chini tangu kuzaliwa kwa sababu ya urithi. Linganisha majibu ya leo na yako ya zamani, si ya mgonjwa mwenzako. Ili ulinganifu uwe wa haki, tumia maabara ileile, kwa sababu mbinu za kupima anti-dsDNA hutofautiana na vizio vyake pia. Kwa C3, angalia kizio kabla hujashtuka: 0.9 kwa gramu kwa lita na 90 kwa miligramu kwa desilita ni kiasi kilekile.

Sampuli nayo ina mambo yake. Komplimenti haivumilii joto, na jua la Kisumu si mchezo. Kama damu inasafirishwa Nairobi, uliza kama seramu (maji yanayobaki damu ikiganda) inatenganishwa siku hiyohiyo na kusafirishwa ikiwa baridi. Chupa iliyoshinda mezani mchana kutwa hutoa namba ya kupotosha. Mkojo upimwe ule wa kwanza wa asubuhi, usiwe wa siku za hedhi, na omba uwiano wa protini na kreatinini. Ukifika gramu 0.5 kwa gramu ya kreatinini na kuendelea, daktari hufikiria figo, na pengine kipande kidogo cha figo kitachukuliwa kuchunguzwa.

Homa ndiyo huwachanganya watu wa kanda ya ziwa kuliko kitu kingine. Malaria na lupasi zote mbili huleta homa, husababisha upungufu wa damu na kupunguza chembe za kugandisha damu. Pima malaria kwanza, usijiongezee prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga) nyumbani. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, husaidia hapa: lupasi ikiamka, CRP mara nyingi haipandi sana, isipokuwa pale viungo au utando wa mapafu na moyo vimevimba, kwa hiyo ikiruka juu tafuta maambukizi. ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kuzama, haina uamuzi huo, maana hata upungufu wa damu na ujauzito huipandisha. Prednisoloni nayo huongeza chembe nyeupe bila maambukizi yoyote.

Mama mjamzito awe makini zaidi. C3 hupanda kwa kawaida wakati wa ujauzito, hivyo jibu linaloonekana zuri linaweza kuficha ugonjwa unaoamka. Ukiwa kliniki ya wajawazito, sema mapema kwamba una lupasi kabla hujapewa dawa ya kukinga malaria yenye salfa. Dawa za salfa, Septrin ikiwemo, huwaletea baadhi ya wagonjwa upele au kuamsha lupasi.

Rituksimabu, dawa ya dripu, huua seli B zenye alama ya CD20. Seli za plazma hazina alama hiyo, kwa hiyo kingamwili zaweza kubaki juu hata seli B zikiisha kwenye damu. Zinazohesabiwa baadaye ni seli B zenye alama nyingine, CD19, na seli hizo kwa kawaida hurudi baada ya miezi 6 hadi 12. Kurudi kwake pekee si ugonjwa kuamka. Kabla ya dripu ya kwanza, hakikisha umepimwa homa ya ini ya B, kifua kikuu na VVU, na chanjo zipewe mapema kwa sababu baadaye hazishiki vizuri. Belimumabu, dawa nyingine ya lupasi iliyoidhinishwa Marekani 2011, huzuia BAFF.

Majibu mazuri yasikufanye uache haidroksiklorokwini, dawa ya tembe ya lupasi. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku: mwenye kilo 60 hupata miligramu 300, yaani tembe moja ya 200 leo na mbili kesho, kwa kupokezana. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kama figo zina shida.

Na yapo mambo yasiyosubiri karatasi ya maabara: miguu au uso kuvimba, mkojo wenye povu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, degedege au kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na majibu yako ya zamani mkononi.