Vigae vya Vinundu: Alama Ziwe Chache, Nazo Ziwe Mahali Pake

SWALI: Ninasanifu vigae vya zege vya njia za waenda kwa miguu, vyenye michoro iliyoinuka ambayo wasioona huihisi kwa miguu. Ningependa kila eneo liwe na mchoro wake: vinundu kwenye vivuko, mawimbi karibu na milango, miraba kwenye vituo vya basi. Nafikiria pia kuinua michoro hiyo hadi milimita 10 ili isikose kuhisiwa. Je, mpango huu unafaa?

JIBU: Nia yako ni njema, ila mpango huo utawatatiza wale wale unaotaka kuwalinda. Vigae vya aina hii vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandazwa barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Kiwango cha kimataifa cha ISO 23599 kinatambua michoro miwili tu: vinundu, vinavyomtahadharisha mtu kwamba mbele yake pana hatari au mahali pa kuamua, na mistari iliyoinuka, inayomwonyesha uelekeo wa kufuata. Asiyeona anayefika mahali kwa mara ya kwanza hana wa kumfafanulia kwamba mawimbi yako maana yake ni mlango. Kila mchoro unaouongeza unapunguza uhakika wa ile miwili anayoifahamu, na uhakika huo ndio unaomzuia asiingie barabarani.

Kuhusu kimo, milimita 10 ni nyingi mno. Vinundu huinuliwa milimita 4 hadi 5: vikiwa vifupi zaidi, soli nene huvimeza, vikiwa virefu zaidi, huwakwaza wazee na wanaoburuta mguu, na kumtikisa kwa maumivu anayetumia kiti cha magurudumu. Umbo lenyewe linahitaji uangalifu kuliko kimo. Kinundu kiwe kipana chini, chembamba juu, kilele chake kiwe bapa na ubavu wake uwe wa mteremko, ili gurudumu lipande bila kugonga. Ukivipanga katika safu zilizonyooka kufuata uelekeo wa mwendo, magurudumu madogo hupata nafasi ya kupita katikati.

Jambo ambalo wasanifu wengi hulisahau ni sakafu inayozunguka vigae. Mguu hautambui kinundu kwa kimo chake peke yake, bali kwa tofauti kati yake na pale ulipotoka. Kwa hiyo vinundu bora kabisa vilivyozungukwa na mawe yenye mikwaruzo hupotea. Acha ukanda laini kandokando yake. Urefu wa ukanda wa tahadhari, ukipimwa kwa kufuata uelekeo wa mwendo, usipungue takriban milimita 600, la sivyo mtu mwenye hatua ndefu ataupita bila kuukanyaga. Rangi nayo itofautiane waziwazi na sakafu kwa mwangaza, moja ikiwa angavu na nyingine ya giza, kwa sababu wengi wenye ulemavu wa kuona bado wana uoni kiasi, na tofauti hiyo ndiyo wanayoitegemea.

SWALI: Je, vigae vyenye vinundu huzuia pia watu kuteleza wakati wa mvua?

JIBU: La, na dhana hiyo ni ya hatari. Mtu akisimama juu ya vinundu, soli yake hugusa vilele tu, kwa hiyo eneo la mgusano hupungua badala ya kuongezeka. Kinachoshika soli ni ukwaru mdogo wa uso wa kigae, ule unaousikia ukipitisha kidole kama msasa laini, na ukwaru huo lazima uwepo hata juu ya kilele cha kila kinundu. Kwenye zege, mchanga mgumu wenye chembe kali husaidia. Rangi yenye kung'aa iliyopakwa juu huharibu kila kitu, na vinundu vya chuma kilichong'arishwa huwa na utelezi mkubwa vikilowa. Nchini Uingereza utelezi hupimwa kwa pendulamu, yaani mkono unaobembea, yenye kipande cha mpira kinachosugua uso wa sakafu, na uso unaofikia alama 36 au zaidi kwenye kipimo hicho ukiwa umelowa huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ya utelezi. Omba kipimo hicho kifanywe kwenye kigae kilicholowa na kilichokwisha kukanyagwa kwa muda, maana kigae kipya kilichotoka kwenye kalibu hakionyeshi kitakavyokuwa baada ya vilele vyake kusuguliwa na maelfu ya viatu.